Pembea Ipi Ijengwe?

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kusoma humu habari za ngeli, za vina na mizani, na za usahihishaji wa insha. Huenda basi wakastaajabu kuona mwalimu mwenzao akiwaletea habari za pembea. Nawaomba wanivumilie, kwani jambo lenyewe lilizuka darasani, tena katika kipindi cha Kiswahili.

Shule ninayofundisha iko Mombasa, na kila muhula huwa tunao mjadala mmoja mkubwa. Muhula uliopita wanafunzi walijichagulia mada: lau mji wetu ungejengewa uwanja wa michezo ya kupanda kama ile ya nchi za Ghuba, ni gari lipi la kupanda na kushuka milima ya chuma lingefaa kujengwa kwanza? Chanzo chake ni mwanafunzi mmoja ambaye ami yake anafanya kazi Abu Dhabi. Huko, katika uwanja wa Ferrari World uliofunguliwa mwaka 2010, liko gari liitwalo Formula Rossa ambalo hufikia kasi ya kilomita 240 kwa saa katika muda wa sekunde tano hivi, na wapandao huvalishwa miwani ili mchanga usiwaingie machoni. Ami alileta picha, na picha ikazunguka darasani kabla sijaiona mimi. Watoto ambao pembea kubwa waijuayo ni zile za Idi katika kiwanja cha Makadara hawakuweza tena kuzungumza jambo jingine.

Kabla ya hoja lilitangulia jina. Vijana walikuwa wakisema "rolakosta", nami nikawakataza mpaka watafute neno. Wafaransa na Wahispania huuita mchezo huu "milima ya Kirusi", kwa kuwa asili yake ni vilima vya mbao vilivyofunikwa barafu, ambavyo Warusi walivijenga St Petersburg na kuteleza juu yake. Mwaka 1817 watu wa Paris walijenga ya kwao yenye magurudumu. Ajabu ni kwamba Warusi wenyewe huuita "milima ya Kimarekani", maana huko Marekani ndiko ulikoenea baada ya LaMarcus Thompson kujenga wa kwake Coney Island mwaka 1884, akitoza senti tano kwa mwendo usiozidi kilomita kumi kwa saa. Hivyo kila taifa limemsukumia jirani kichaa hiki. Darasa langu lilipendekeza "garimawimbi", "treni la kiwewe" na "pandashuka". Hili la mwisho lilishinda, ijapokuwa mwalimu mwenzangu alidai kuwa ni jina la bei za soko la Marikiti. Tukaliweka katika ngeli ya I na ZI, baada ya ugomvi mfupi.

Mjadala ulipoanza palikuwa na pande tatu. Upande wa kwanza ulitaka pandashuka ya kasi, mfano wa ile ya Abu Dhabi. Wa pili ulitaka ile inayompindua mtu kichwa chini miguu juu, lakini wasemaji wake walicheka mno, hoja zao sikuzipata. Upande wa tatu, uliokuwa mdogo, ulitaka pandashuka ya mbao, kama Cyclone ya Coney Island iliyojengwa mwaka 1927 na ambayo ingali inapandwa hata leo. Msemaji wao alikuwa msichana mpole ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono. Alieleza kwamba gari la namna hii halina injini. Huvutwa kwa mnyororo hadi kilele cha kwanza, kisha uzito wake wenyewe ndio uliendeshao, na kwa hiyo kila kilima kifuatacho hakina budi kuwa kifupi kuliko kile cha kwanza. Reli za mabomba ya chuma, zilizoanzia Disneyland huko California mwaka 1959, ni laini na kimya. Jengo la mbao hulia na kuyumba kidogo, na kuyumba huko ndiko kunakolihifadhi lisivunjike.

Hapo nilifanya kosa ambalo mwamuzi wa mjadala hapaswi kulifanya: niliingilia. Niliwaambia kwamba mababu zetu waliijua hoja hiyo katika mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ambacho kilipopigwa na wimbi au kugusa mwamba kiliweza kunepa badala ya kupasuka. Upande wa kasi ulilalamika, na kwa haki.

Kisha msichana yule akauliza: "Mwalimu, na wale wasiofika kipimo cha urefu?" Mlangoni pa kila pandashuka kubwa husimamishwa kipimo, na mtoto asiyekifikia hurudishwa. Hakuna upande uliojibu. Nami niliwatoa darasani dakika kumi kabla ya kengele.

Mimi ni mzaliwa wa Chovai, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu. Ramani za zamani huandika Tovai, na kisiwa cha jirani huandikwa Tula; sisi husema Chovai na Chula, kwa sababu mahali pengi penye t katika Kiswahili sanifu, Kibajuni kina ch. Watu kwetu ni wachu, na Watikuu ni Wachikuu. Kila Idi mafundi wa vyombo walitujengea pembea ufuoni. Idi ya Aprili 1990, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, palikuwa na kamba moja tu iliyo nzima, nayo ilitosha pembea moja. Mjomba alitaka pembea ndefu: milingoti miwili isimamishwe, foromali ilazwe juu yake, na mtu asimame ubaoni arushwe mpaka aione bara. Babu alitaka pembea ya kuzunguka, yenye mhimili na masanduku manne, isukumwe kwa mikono. Haikuwezekana kuanza na hii kisha kuijaribu ile, kwani pembea ya babu ilihitaji kamba ikatwe vipande vya kufungia masanduku.

Sisi wavulana tulikuwa wa mjomba sote. Mabishano yalichukua siku mbili, na wazee wengine wakaingia. Dada yangu alikuwa na miaka sita na mguu mmoja dhaifu. Hangeweza kusimama ubaoni. Sikumbuki mtu yeyote kulitaja jambo hilo. Babu alikuja asubuhi na kisu, akapima kamba kwa pima zake, akakata.

Dada alipanda mpaka akatapika, akapanda tena. Mimi nilinuna. Nilikaa mwambani siku zote za sikukuu nikila halua peke yangu, wala sikuipanda pembea ile hata mara moja. Januari 1991 serikali ilianguka Mogadishu. Vita vilipofika kwetu watu walinyang'anywa vyombo na nyavu, na wengi wetu tukavuka kuja Kenya. Idi iliyofuata ilitukuta ugenini.

Dada alipokuwa mtu mzima alifika Ulaya akaomba hifadhi. Wabajuni wengi waliofika huko waliambiwa kuwa si Wabajuni bali ni Waswahili wa Kenya. Waliulizwa majina ya visiwa, na maneno yao yakarekodiwa na kuchunguzwa. Walimu wa lugha tunapaswa kuyafikiri haya, kwamba matamshi ya mtoto aliyelelewa kambini yanaweza kumpotezea nchi. Dada aliulizwa Idi ya Chovai ilikuwaje. Akaeleza pembea: nguzo, mhimili, masanduku, nani alisukuma na nani alianguka, na kila kitu kwa jina lake la kwetu. Jibu lilichukua miaka miwili, nalo likawa la kheri. Lau ningeulizwa mimi, ningeeleza pembea ya mjomba, ambayo haikujengwa.

Juma lile la mjadala nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba pandashuka ya kasi ilipata kura 21, ya mbao 12, na ya kichwa chini 6. Akacheka, akasema kuwa mwanawe amefikia kipimo mwaka huu na amepanda, naye alimngoja chini akiwa amemshikia viatu. Nikamwuliza kwa nini hakupanda naye.

"Kaka," akasema, "sanduku la babu lilikuwa na mahali pa kushika."

Swali la msichana yule nimekwisha kulibandika kuwa mada ya muhula ujao. Na mwalimu mwenzangu yeyote aliye na neno bora kuliko "pandashuka" namwomba aniletee kwa anwani ya taarifa hii, pamoja na ngeli yake.