Upele Uliisha, Nikamwambia Amepona

Najua nimepotea wiki tatu. Wengine mlidhani nimekimbia supu, kumbe nilikuwa nyumbani Katesh. Leo bumu limeingia, nimelipa deni la kafeteria, niko kitandani hosteli. Acha niandike lililonipeleka.

Dada yangu ana lupasi. Kinga ya mwili inageuka, badala ya kupigana na vijidudu inaushambulia mwili wenyewe. Katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake. Kwake ilianza na viungo kuuma, homa, nywele kukatika na upele uliokaa mashavuni kama kipepeo. Tukatibu malaria, tukatibu taifodi. Jina la lupasi tulilisikia baadaye sana.

Alipoanza dawa upele ukaisha. Mashavu yakajaa kwa sababu ya prednisoloni, wenzake sokoni wakawa wanamsifia kanenepa. Krismasi iliyopita nikamwambia, kwa kujiamini kwa mtu wa mwaka wa pili, "Dada, wewe umepona." Alikuwa amechoka na vidonge na nauli. Akaacha.

Baada ya miezi kadhaa miguu ikavimba. Akadhani ni kusimama sana gengeni. Mkojo ukawa na povu, hakumwambia mtu. Nilipofika tulimpeleka Haydom, njia ya Basotu, vumbi mwanzo mwisho. Wakachovya kijiti kwenye mkojo: protini nyingi. Damu ikaonyesha figo zimeshapungua nguvu.

Daktari akatueleza kitu ambacho sitakisahau. Kutulia si kupona. Na ugonjwa kuwaka ni jambo moja, kovu unaloacha ni jambo jingine. Nikakumbuka tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Tope lilizolewa barabarani, lakini nyumba zilizobomoka hazikujisimamisha.

Nimerudi chuo nimeacha madesa yangu, nasoma haya. Kumbe tangu mwaka 1996 madaktari wana orodha ya kuhesabu makovu hayo. Ina makundi 12: macho, ubongo na neva, figo, mapafu, moyo, mishipa, tumbo, mifupa na viungo, ngozi, ovari kuacha kazi mapema, kisukari na saratani. Mengi huhesabiwa yakidumu miezi 6 au zaidi. Na alama ikishaandikwa haifutwi, inaweza kupanda tu.

Tena yana mpangilio. Miaka ya mwanzo mengi huletwa na ugonjwa wenyewe, hasa figo na ubongo. Tafiti za Marekani zimeonyesha watu wenye asili ya Afrika huumia figo zaidi. Miaka ikienda, dawa nayo inachukua zamu: prednisoloni nyingi kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho, mifupa kuwa myepesi, nyonga kufa, kisukari. Moyo nao hauachwi.

Sasa hapo ndipo palipo na mtego. Ukiiacha prednisoloni ghafla mwenyewe ni hatari, ukikaa nayo nyingi miaka yote ni hatari. Ndiyo maana inashushwa polepole, na daktari. Dawa ya kukaa nayo ni haidroksiklorokwini. Mama alipoisikia akauliza, "Si ile klorokwini yetu ya malaria?" Ni ndugu yake, Mama. Ile iliachwa kwa malaria hapa Tanzania mwaka 2001, hii inapunguza makovu. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe maana nayo inaweza kuyadhuru.

Dada hajafika kwenye kusafishwa damu. Amerudi kwenye dawa. Nguvu iliyopotea huenda isirudi yote, iliyobaki ndiyo tunailinda.

Usiku wa kuamkia safari nilimwomba msamaha. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa nataka kusikia hivyo."

Basi nawaomba. Kama una mgonjwa wa lupasi kwenu na anaonekana mzima, usimwambie amepona. Muulize lini alipima mkojo na presha. Figo haiumi wakati inaharibika.

Katika bumu hili nimetenga nauli yake ya kliniki. Nikila ugali maharage mpaka mwisho wa semesta msinicheke.

Lekcha saa nane, nakimbia. Tuko pamoja.