Chombo cha Chama, Sikio la Mpigaji

Hadithi ya muziki wa dansi tumezoea kuisimulia kwa majina: Dar es Salaam Jazz ya 1932, Western Jazz ya 1959, NUTA Jazz ya 1964, Mlimani Park ya 1978. Lile sanduku zito nyuma ya mpiga solo halitajwi, ingawa bila hilo gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi. Enzi za dansi la ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, maduka ya Mchafukoge upande huu na nyumba za Kariakoo upande ule, gitaa la umeme lilipoingia mjini, karibu kila amplifaya duniani ilikuwa ya valvu: chupa za kioo zinazowaka rangi ya kaa la moto. Baadaye transista ikashika jukwaa. Husemwa valvu ilishindwa kwa uzee. Mimi naona ilishindwa kwa sababu ya umiliki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza chini ya kampuni ya teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji alihama bendi akaviacha vyombo nyuma, na mwenye mali hakuwa yule anayekisikia chombo kikianza kukohoa.

Na valvu hukohoa mapema. Chukua amplifaya ya Kiingereza ambayo swichi yake ya nyuma imeachwa kwenye volti 220, huku umeme wa ukutani umepanda hadi 250. Volti 6.3 za kuwashia zinakaribia 7.2, na zile 420 za ndani zinapita 475. Haizimiki, inapiga vizuri tu, huku inajila. Ukiweka valvu mpya za nguvu sharti upime upya bayasi, ile volti hasi inayozuia valvu isivute mkondo kupita kiasi: ikipungua, bamba la ndani linaiva jekundu; ikizidi, sauti inakauka. Spika ya omu 8 iende kwenye tundu la omu 8, na amplifaya isiwashwe kamwe bila spika, la sivyo unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Tena kapasita hubaki na mamia ya volti hata waya ukishachomolewa. Fundi mzoefu huzimaliza kupitia rezista, mkono mmoja mfukoni.

Kuna watakaosema kilichoiua valvu ni uhaba: mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwepo, watu wanapanga foleni ya sabuni, nani angeagiza valvu? Ni kweli, na valvu huchakaa kama tairi, transista haichakai hivyo. Lakini baadaye biashara ilifunguliwa, Kariakoo ikajaa spika na mikisa, na valvu haikurudi. Mwingine atadai hatujapoteza kitu, maana dansi hutaka sauti safi, na valvu husifiwa kwa kukwaruza. Hoja hii ni nzito zaidi, hasa kwa kuwa wapenzi wa valvu (nami nimo) hupenda kuifunika kwa maneno kama “joto”. Ila usafi wenyewe una namna. Solo, solo ya pili na rithimu zinapofumana, kila moja huhitaji nafasi yake. Mpanga sauti hodari hupunguza besi ya rithimu, hubakiza sauti chini kidogo ya pale inapoanza kupasuka, na nyuzi zikichapwa kwa nguvu valvu hulainisha kilele badala ya kukikata. Transista ya bei rahisi hukikata.

Valvu bado zinatengenezwa, Urusi, Slovakia na China, kwa hiyo anayetaka hakosi. Asizipime mchana akaridhika. Apime tena usiku, muda ule ule wa dansi, kwani saa nane mchana na saa tatu usiku ukuta mmoja hautoi volti zile zile.