Jana na Kesho kwa Neno Moja

Mimi ni mtu wa Bukavu, lakini nimevuka mto Rusizi, nakaa Kigali nikifundisha Kiingereza. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilikata shauri Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Kwa mwanafunzi wa sekondari, basi, lugha hiyo si somo tu. Asiyeijua, hata hesabu humfungia mlango.

Siku moja kijana mmoja mwenye bidii aliandika kwa Kiingereza kwamba kesho alimtembelea shangazi yake. Wenzake wakacheka, naye akainamisha kichwa kwa haya. Nikamwuliza: “Jana, kwa Kinyarwanda, wasemaje?”

“Ejo, mwalimu.”

“Na kesho je?”

“Ejo pia.”

Ndipo nikatambua: neno hilo moja huchukua jana na kesho pamoja, kitenzi ndicho kinachoonyesha wakati. Na kwetu Kongo, je, “lobi” ya Kilingala si vivyo hivyo? Kijana hakuwa mjinga. Alifikiri sawasawa katika lugha ya mama yake.

Nikaandika ubaoni “ejo hashize” na “ejo hazaza”, na chini yake yale maneno mawili ya Kiingereza. Wote wakaelewa, hata waliocheka.

Enyi walimu na wazazi, kabla ya kulikemea kosa la mtoto, tuulize limetoka wapi. Mara nyingi tutakuta akili timamu nyuma yake. Lugha ngeni haijengwi juu ya aibu, bali juu ya ile aliyoinyonya kwa mama.