Kreatinini ya Mzee

Nilianza kazi ya maabara Tarime enzi za kupima wekundu wa damu kwa macho: unalinganisha rangi ya tone na vioo vya mfano, mwanga wa dirisha ndiyo taa. Nilipohamia Mugumu mashine ya kemia ikaja, na sote tukaishika kwa imani. Jibu likiangukia ndani ya viwango vilivyochapwa pembeni, basi, faili limefungwa. Viwango hivyo vilipatikana kwa watu wazima wenye afya. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wazee wa ng'ombe.

Mzee wa namna hiyo huja analalamikia kiuno na magoti, homa ya jioni, jasho la usiku. Malaria ameshapimwa zahanati mara chungu nzima. Amezalisha ng'ombe kwa mikono mitupu na kunywa maziwa mabichi tangu utotoni. Unaweka tone la seramu yake kwenye kigae cheupe, unalichanganya na tone la waridi la Rose Bengal, unakitikisa polepole dakika 4. Chenga zikijitokeza, unaanza kufikiria brusela, ugonjwa uleule unaowatupisha mimba ng'ombe wake.

Lakini kabla ya kutufikia kapitia duka la dawa, na diklofenaki ameila miezi mingi. Dawa ile hupunguza damu inayofika kwenye figo. Tiba ya brusela nayo mara nyingi ni doksisiklini wiki 6, na sindano za jentamaisini siku za mwanzo, ambazo huweza kuumiza figo na masikio. Ndiyo maana daktari mwangalifu huomba kwanza kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja.

Potasiamu aliiomba pia, nami niliitilia shaka kila sampuli ilipotoka mbali kwa bodaboda: damu isipotenganishwa mapema, chembe huivujisha potasiamu yake, na mzee wa watu akaonekana mahututi bure.

Kreatinini ina hila kubwa zaidi, kwa sababu hutoka kwenye misuli. Chukua kijana wa miaka 25 anayechimba dhahabu Nyamongo, kilo 75, kreatinini mikromoli 100 kwa lita. Chukua na mzee wa miaka 82, kilo 45, mikono myembamba kama fimbo anayoegemea, kreatinini 100 ileile. Mashine inawapitisha wote wawili. Ukiingiza umri na uzito katika hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, figo za kijana zinachuja mililita 106 hivi kwa dakika. Za mzee, 32.

Sasa, umri na uzito utavipata wapi? Mizani ilikuwa kliniki ya watoto. Umri ndio ulikuwa kizaazaa: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimhesabu mtu mzee tangu miaka 60, kwa hiyo kila mwenye mvi aliandikiwa 60 kwenye dirisha la mapokezi, mambo yakaisha. Nikazoea kuuliza rika la tohara, maana Mkurya anaweza asijue mwaka aliozaliwa, ila waliotahiriwa pamoja naye hawasahau.

"Shikamoo babu. Ulitahiriwa kabla ya Uhuru au baada?"

"Marahaba. Mjukuu wangu, Uhuru ulinikuta na mke na mtoto!"

Fomu yake ilisema 60. Nikaikata, nikaandika "75 na zaidi", nikampeleka mwenyewe kwenye mizani ya kliniki, akina mama wakimcheka na yeye akiwacheka. Hesabu ikatoka chini ya 40. Daktari akaachanisha siku za jentamaisini, kisha akanyoosha mkono apewe vidonge vya diklofenaki vilivyokuwa mfukoni mwa koti la mzee. Babu akavitoa kimoja kimoja.

"Haya, umechukua. Na kiuno?"

"Nitakupa panadoli, mzee wangu."

"Panadoli!" Akanigeukia mimi. "Mwambie daktari mimi si mtoto."