Siku ya Kumi na Tatu

Kwetu Njombe, Juni hadi Agosti, kuna alfajiri umande unaganda juu ya majani. Baridi hiyo haiui mbegu ya karoti, inaichelewesha tu. Udongo ukiwa na nyuzijoto 20 huchipua kwa siku 7 hivi. Zikishuka hadi 10, ngoja kama 17. Nyanya ndiyo usiiguse, itapita siku 40.

Leo ni siku ya 13, tuta kimya.

“Zimeoza hizo, mwanangu. Fukua tupande njegere.”

Sare na madaftari ya mdogo wangu ya Januari yatoke humo, Mama ana haki. Mimi mchapishaji hajanijibu tangu Machi, kungoja nakujua. Nimemwomba siku 5. Namwagilia saa nne, jua likishashika. Jembe kaliegemeza mlangoni.