AJALI HAINA KINGA, LAKINI BREKI INA FUNDI



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Leo nataka tuzungumze habari ya breki za gari. Usishangae, wala usipite haraka. Najua umezoea kusoma hapa habari za swala, funga na malezi. Lakini mimi ni imamu, na imamu husalisha majeneza. Ya barabarani si machache. Na kila tukirudi makaburini husikia neno lile lile: "Ajali haina kinga." Mzee analisema, kijana anaitikia, mikeka inakunjwa, watu wanatawanyika.

Neno hilo lina ukweli wake. Kuna mauti yanayomfika mtu naye amefanya kila lililo juu yake. Lakini gari ambalo mwenyewe anajua mwezi wa tatu sasa breki zinasuasua, akalijaza watoto akatia ufunguo, je, likianguka nalo tuseme halikuwa na kinga? Hapo ndipo nataka tutulie kidogo, mimi na wewe.

Nitakupa mfano wa gari la nyumbani kwangu. Ni lile la juu juu, la viti saba, limetoka Japani likiwa limetumika. Tulilinunua kwa ajili ya familia: mama watoto, watoto watano, na mama yangu mzazi ambaye miguu yake haiwezi tena kupanda basi. Sisi tunakaa Tanga mjini, na wakwe zangu wako Lushoto. Anayeijua njia ya kutoka Mombo kupanda Lushoto anaelewa. Ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Gari hilo lilianza kula pedi za gurudumu la mbele kushoto. Fundi akabadilisha. Likatulia. Baada ya miezi mitatu likarudia: ukikanyaga breki linavuta kushoto, usukani unatetemeka, na ukisimama unasikia harufu ya kuungua. Nikarudi kwa fundi. Akaweka pedi nyingine na diski akaipeleka kuchongwa. Likatulia tena. Miezi mitatu haikuisha, mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini ni gurudumu hili hili kila siku?" Akaniambia, "Shehe, gari hizi ndivyo zilivyo, ni nzito." Nikalipa mara ya tatu.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya tatu ya Idi. Tulikuwa tunashuka kutoka kwa wakwe. Gari limejaa watu, na nyuma kuna gunia la viazi na tenga la karoti. Tumekwisha pita Soni, nakanyaga breki kwenye kona, nasikia mguu unazama kama nimekanyaga sifongo. Nikashusha gia hadi ya chini kabisa, nikawa napampu kwa haraka, huku nikivuta hendibreki kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu akajaalia pakatokea mahali papana upande wa mlima, nikaliegesha hapo. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye rimu ya kushoto. Mama yangu alikuwa kimya na tasbihi yake. Mdogo wa mwisho akauliza, "Baba, mbona kunanuka?"

Tukakaa karibu saa nzima. Gari likapoa, na ajabu, breki zikarudi, zikawa ngumu kama kawaida. Shemeji yangu tuliyekuwa naye akasema, "Shemeji, si zimerudi? Twende taratibu, Mungu atatulinda. Kama imeandikwa imeandikwa."

Ndugu yangu, neno hili ndilo lililonifanya niandike leo.

Kwamba imeandikwa, tunaamini. Kuamini kudra, ya kheri yake na ya shari yake, ni nguzo ya imani yetu. Lakini nani kakuambia kuwa kushuka garini hakukuandikwa? Sayyidna Umar bin Khattab (Radhiya Allahu anhu) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa kuna tauni huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, anatoka katika kudra ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kudra yake nyingine. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia anayeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu: akilisha kwenye malisho ni kwa kudra ya Mungu, na akilisha kwenye ukavu pia ni kwa kudra yake. Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim. Na yule mtu aliyemuuliza Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) kama amfunge ngamia wake au amwache ategemee, kama ilivyo kwa Tirmidhi, alielekezwa afunge kwanza ndipo ategemee.

Basi nikamwambia shemeji, "Kumtegemea Mungu leo ni kupanda kosta." Familia wakapanda kosta hadi Mombo, na gari likateremshwa kwa kuvutwa. Lilitugharimu, na mama watoto alinuna kwa ajili ya viazi vyake. Lakini wote tulilala nyumbani.

Mjini nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa siku nyingi. Huyu hakugusa pedi kwanza. Alilipandisha gari juu, akazungusha gurudumu la kulia kwa mkono, likazunguka. Akazungusha la kushoto, likagoma. Akafungua, akanionyesha: pedi ya ndani imeliwa mpaka chuma, ya nje bado nene. Akasema, "Shehe, pedi haina kosa. Angalia kalipa."

Nikufahamishe kama alivyonifahamisha. Kalipa ndiyo inayoibana diski kwa pedi mbili. Inaning'inia kwenye pini mbili, na lazima iteleze juu ya pini hizo ili ibane sawasawa, kisha iachie ukiondoa mguu. Pini zina raba za kuzuia maji na vumbi. Raba ikichanika, maji yanaingia, na sisi watu wa pwani tuna chumvi hewani, pini zinapata kutu na kukwama. Hapo kalipa inabana lakini haiachii. Pedi zinasuguana na diski njia nzima hata kama hukukanyaga. Diski inapata moto, inaliwa vibaya, usukani unatetemeka. Ukiweka pedi mpya bila kuzifungua pini, umelisha moto kuni mpya.

Na kwa nini breki zilizama mlimani kisha zikarudi? Hapo ni mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi, kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Ya DOT 4 huanzia 230, na yakinyonya maji hushuka hadi kama 155. Ya kwetu yalikuwa meusi kama kahawa. Mteremko mrefu, mzigo, na kalipa isiyoachia, joto likapanda, mafuta yakachemka yakatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Ukikanyaga, nguvu inaishia kuubana mvuke, diski haipati kitu. Likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na mguu unapata ugumu wake. Kwa hiyo breki iliyozama ikarudi haijapona. Inangoja mteremko mwingine.

Sasa lipo jambo lililokuwa zito kuliko hayo yote. Matengenezo kamili yalikuwa ya fedha nyingi, na wiki hiyo hiyo alikuja mnunuzi, mwalimu kijana mwenye watoto wadogo. Dalali akanivuta pembeni: "Shehe, weka pedi mpya tu. Litanyamaza miezi miwili." Na kweli lingenyamaza. Miezi miwili inatosha kuandikiana karatasi na kuhesabu fedha.

Ewe ndugu yangu, Mtume wetu alipita sokoni akatia mkono wake kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyoloa juu watu waione, na akaelezwa kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja na Mtume. Ameipokea Muslim. Ile ilikuwa nafaka. Breki je? Mafakihi wetu wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikikuta na kasoro iliyofichwa. Lakini mwenye kufa Soni harudishi gari.

Nilimweleza yule mwalimu kisa chote, mpaka moshi. Akashukuru, akaenda zake, akanunua gari kwingine. Dalali hajanisalimia vizuri mpaka leo. Fedha ya matengenezo tuliipata kwa mama watoto kutoa zamu yake ya kikoba, ile aliyokuwa ameitengea jiko jipya. Namwombea Mwenyezi Mungu amlipe.

Mzee akasafisha pini, akaweka raba mpya na mpira wa pistoni, akabadilisha diski za mbele zote mbili maana zilikuwa zimeshuka chini ya kipimo kilichogongwa kwenye diski yenyewe, akaweka pedi kulia na kushoto, akamwaga mafuta yote na kutoa upepo magurudumu yote manne. Mwaka umepita na pedi bado nene.

Ndugu zangu, tuchukue haya:

Kwanza, wewe mwenye gari. Kitu kikiharibika mahali pale pale mara ya pili, usilipie tena kabla hujauliza sababu. Taka uonyeshwe kilichotolewa. Ukifika safari, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, kuna breki isiyoachia. Mafuta ya breki, kila baada ya miaka miwili yabadilishwe, usingoje yawe meusi. Na mteremko ushuke kwa gia, breki iwe ya kusaidia. Kumbuka kuwa kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakata mita 22 kila sekunde, kabla hata mguu wako haujafika.

Pili, wewe fundi. Ujira wako ni halali ukitengeneza ulichoahidi. Usiseme "ndivyo zilivyo" wakati hujafungua. Kama hujui, sema sijui, umpeleke mteja kwa anayejua. Mteja huyo hatakukimbia, atakuamini.

Tatu, sote. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka diya na kafara kwa aliyemuua muumini bila kukusudia, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Tazama: bila kukusudia, na bado kuna deni la watu na deni la Mungu. Basi aliyejua breki ni mbovu akapakia abiria, atajitetea kwa "ajali haina kinga"?

Ijumaa hii, kabla hujaipakia familia yako, tazama mafuta ya breki, kisha soma dua ya safari. Vyote viwili, usiache kimoja.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafiri wetu, warehemu waliotutangulia barabarani, na utujaalie kuwa waaminifu kwa roho ulizotukabidhi. Aamin.

Mtumie dereva mmoja unayemjua, na fundi mmoja.

Wabillahi tawfiiq.