Mieleka ya kuigiza, machozi ya kweli

Jumapili moja ya hivi majuzi, binti yangu aliye kidato cha pili alinifumania sebuleni nikipangusa macho. Kwenye runinga palikuwa na pigano la mieleka la zamani, wanaume wawili wenye nguo za kubana wakivurutana ulingoni. Aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa mshangao, "Baba, kwani hujui hao wanaigiza?"

Nilimjibu kwamba najua. Nimejua kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Lakini sikuweza kumweleza papo hapo ni vipi mtu mzima mwenye mvi alilie mchezo ambao mshindi wake hupangwa kabla kengele haijagongwa. Maelezo hayo ni deni, nami leo nalilipa. Huenda yakawafaa na vijana wengine ambao wazazi wao wana siri kama yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kasikeu, safari fupi kutoka Sultan Hamud, ule mji wa reli ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nilipokuwa shule ya msingi bado tulihesabiwa katika wilaya ya Machakos, maana Makueni ilitengwa na kuwa wilaya mwaka wa 1992. Kwetu hapakuwa na umeme. Mwenye duka mmoja sokoni alikuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe, deki ya video na jenereta iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku. Jumamosi jioni aliondoa magunia ya mahindi katika chumba cha nyuma, akapanga mabenchi na kutoza shilingi tano kwa kila kichwa. Kanda zilitoka Nairobi, mara nyingi mwaka mzima baada ya mapigano yenyewe kumalizika. Kwetu sisi zilikuwa habari motomoto.

Shilingi tano hizo sikuwa nazo. Kaka yangu, aliyenizidi kwa miaka sita, ndiye aliyenilipia. Aliteka maji katika visima vya mchangani mtoni, akayabeba kwa punda na kuwauzia wenye mikahawa, na kila Jumamosi alitoa shilingi kumi: zake tano na zangu tano. Tulikuwa wana wawili tu wa mama yetu, na popote alipokaa nilikaa mimi.

Pigano la kwanza kumliza mtu mbele ya macho yangu lilikuwa la Randy Savage na Ultimate Warrior, lililofanyika Los Angeles, Machi 24, 1991. Masharti yalikuwa kwamba atakayeshindwa angestaafu. Savage alishindwa. Akiwa amelala chali, meneja wake, mwanamke aitwaye Sherri, alianza kumpiga mateke kwa hasira. Ndipo Elizabeth, yule bibi mpole aliyekuwa akimsindikiza Savage miaka ya nyuma kabla hawajaachana, akainuka kutoka miongoni mwa watazamaji. Alikimbia hadi ulingoni, akamvuta Sherri nywele na kumtupa nje. Savage alisimama akipepesuka bila kujua ni nani aliyemwokoa. Alipogeuka na kumwona, wakakumbatiana.

Zamani hizo za kusindikizana, Elizabeth ndiye aliyekuwa akimfungulia Savage kamba za ulingo ili apite. Siku hiyo Savage alimzuia, akazishika kamba yeye mwenyewe na kumpisha bibi apite kwanza. Kamera zilionyesha watazamaji kule Marekani wakilia kama watoto.

Kasikeu nako hapakuwa na nafuu. Kwenye benchi la mbele aliketi mzee mmoja aliyemzika mkewe majuma mawili tu kabla ya siku hiyo. Kaburini alisimama mkavu kama jiwe, na watu wakamsifu kwa uanaume wake. Sasa, mbele ya televisheni, mabega yalikuwa yakimtikisika. Alivua kofia, akajifuta uso na kusema kwa sauti ya kukwaruza, "Huu moshi wa jenereta utatuua."

Hakuna aliyecheka. Wanaume kadhaa waliafiki kwamba moshi ulikuwa mkali siku hiyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Savage na Elizabeth walikuwa wameoana tangu mwaka wa 1984. Huko kuachana na kurudiana kulikuwa kwa ulingoni tu. Hata harusi yao mbele ya umati wa Madison Square Garden, Agosti 1991, ilikuwa ya watu walioishi kama mke na mume kwa miaka kadhaa. Na mwaka uliofuata, bila kengele wala shangwe, walitalikiana kwelikweli. Elizabeth alifariki 2003, Savage akafuata 2011. Je, yule mzee alidanganywa? Sidhani. Hakuwa akimlilia Elizabeth. Alipata mahali pa kumlilia mkewe pasipo kuulizwa.

Lakini pigano linaloniliza mimi ni jingine. Ni la ndugu wawili.

Bret na Owen Hart walizaliwa Calgary, Kanada, katika familia ya watoto kumi na wawili. Baba yao, Stu Hart, alikuwa mwanamieleka na mwalimu wa mieleka. Bret alikuwa bingwa aliyependwa mno. Kila alipoingia ulingoni alivua miwani yake na kumvisha mtoto aliyekaa safu ya mbele. Owen, kitindamimba, alikuwa hodari kama yeye, ila alitambulishwa kama mdogo wake Bret. Hadithi iliyotungwa ilikuwa kwamba Owen alichoshwa na kivuli cha kakake. Januari 1994 alimpiga Bret teke kwenye goti lililoumia, na Machi 20 mwaka huo wakakutana katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York.

Kaka yangu na mimi tuliitazama kanda hiyo mara tatu. Nyumbani tulikuwa tukipigana mieleka kwenye mchanga wa mto, yeye akiwa Bret na mimi Owen, na kila mara nilibanwa mabega chini hadi hesabu ya tatu. Kwa hiyo Owen alipopindua mtego wa kakake na kumbana yeye, nilirukaruka juu ya benchi. Usiku huohuo Bret alirudi akamshinda Yokozuna na kutwaa mkanda wa ubingwa. Wenzake walimwinua mabegani. Owen alitokea akasimama kando, akimkodolea macho kwa uchungu. Alikuwa amemshinda nduguye, na bado shangwe zote zilikuwa za nduguye.

Picha hiyo ilinichoma. Katika televisheni yetu hata sikujua kwamba vazi la Bret lilikuwa la rangi ya waridi. Hilo nililigundua baada ya kufika Nairobi. Lakini uso wa Owen niliuelewa vizuri, na nilimtazama kaka yangu kwa pembe ya jicho.

Baba yetu alifariki mwaka wa 1996. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani Nairobi, kaka akabaki Kasikeu na mama, shamba na maksai wawili wa kulimia. Ukame wa mwaka huo na mwanzo wa 1997 ulipotukumba, kaka aliwauza maksai bila kuniuliza. Nilipopata habari nilipanda basi nikiwa nimefura. Nilimkuta uani. Nilimwita mwizi mbele ya majirani, nikamwambia kwamba mali ya baba si yake peke yake, na kwamba tangu siku hiyo asinihesabu kuwa ndugu yake. Hakujibu kitu. Aliendelea kuipasua kuni aliyoianza.

Kwa miaka miwili hatukusemezana ila mbele ya mama. Krismasi tuliketi pamoja tukila muthokoi, tukicheka mahali pa kucheka, na mama akifurahi kwamba wanawe wanasikizana. Akiondoka kwenda jikoni, kimya kilirudi.

Mwishoni mwa Mei 1999, nikiwa Eneo la Viwandani, niliazima gazeti la mwenzangu wakati wa chakula cha mchana. Humo niliona kwamba Owen Hart amekufa. Jumapili, Mei 23, alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka paa la ukumbi wa Kemper Arena, Kansas City, ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifaa kilichomshikilia kilifunguka kabla ya wakati, akaanguka zaidi ya mita ishirini. Alikuwa na umri wa miaka 34, baba wa watoto wawili.

Kwanza nilidhani ni mchezo. Ndivyo walivyodhani hata wengi waliokuwamo ukumbini. Mtangazaji Jim Ross ilimlazimu kuwaeleza watazamaji wa runinga kwamba hayo hayakuwa sehemu ya maonyesho, na baadaye kuwatangazia kwamba Owen amefariki. Nilisoma tena kutoka juu. Bret hakuwapo ukumbini. Tangu mwishoni mwa 1997 alikuwa amehamia kampuni iliyoshindana na ile ya Owen.

Ndipo nilipolia, kando ya kibanda cha chakula, sahani ya maharagwe mkononi, na hapakuwa na jenereta ya kusingizia. Nilikuwa nimeshajua kwamba ule uhasama wao ulitungwa. Bret na Owen waliigiza ugomvi mbele ya watu, kisha wakabaki ndugu wanaopendana. Mimi na kaka yangu tuligombana kwa kweli, na amani ndiyo tuliyoiigiza.

Jumamosi nilishuka Sultan Hamud, nikapata gari la kwenda Kasikeu. Kaka alikuwa akitengeneza zizi la mbuzi. Aliponiona aliweka panga chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka kichwani.

"Umesikia ya Owen?" nikauliza.

"Redioni," akajibu. Akanyamaza kidogo. "Na Bret hakuwa karibu."

Tuliketi juu ya gogo. Baada ya muda mrefu akaniambia, bila kunitazama, kwamba wale maksai walikuwa hawawezi tena kusimama wenyewe, ilibidi wainuliwe asubuhi. Aliwauza kwa bei ya mbuzi, na pesa hizo zikanunua mahindi aliyokula mama miezi mitatu. "Ningekuandikia," akasema, "lakini ulikuja ukiwa umeshahukumu." Nikamwambia anisamehe. Akaniita mwana wa mwaitu, yaani mtoto wa mama yetu, jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka miwili. Mama alipotoka nje alitukuta sote wawili tunafuta macho, akadhani kuna msiba.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Kesho yake tulivuna kunde.

Baadaye nilipata kanda ya maonyesho ya Mei 24, 1999, yaliyofanyika St. Louis usiku uliofuata kifo hicho. Wanamieleka walisimama pamoja, wabaya na wema, waliokuwa wakitishiana kuvunjana shingo wiki iliyotangulia. Kengele iligongwa mara kumi. Miamba wenye vifua kama milango walilia waziwazi, na hapakuwa na aliyekumbuka kwamba anapaswa kumchukia mwenziwe. Hilo ndilo pigano ambalo binti yangu alinikuta nikilikaribia. Nilikuwa nimeanza na lile la 1994, nikijua mwisho wake.

Nisije nikamfanya msomaji adhani machozi ya mieleka ni ya huzuni tu. Aprili 7, 2019, huko New Jersey, Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Rafiki zake Big E na Xavier Woods walimkumbatia wakibubujikwa na machozi, na wanawe wadogo wakaingia ulingoni kumwona baba yao na mkanda. Najua, ushindi huo nao ulipangwa. Lakini ile miaka kumi na mmoja ya kungoja hakuna aliyeiigiza.

Siku hizo stima ilikuwa imefika nyumbani Kasikeu, na kaka alikuwa na runinga ya rangi. Alinipigia simu usiku.

"Umemwona Mghana wetu?" akauliza. Sauti yake haikuwa sawa.

"Nimemwona. Mbona unazungumza hivyo?"

Akakohoa. "Ni moshi," akasema. "Huku wameiwasha ile jenereta."

Jenereta yenyewe iliuzwa kama vyuma kuukuu miaka mingi iliyopita. Nami nilimwambia kwamba hata huku Nairobi moshi wake umefika.